Ma- Yetu na Ma- za Watu

Barabara kuu ya kutoka Iringa kwenda Mbeya inapita Mafinga, kisha Makambako. Ukichepuka unaweza kuangukia Malangali, Madibira, Matamba au Makete. Ukivuka Rungwe kuteremkia Ziwa Nyasa kuna Masoko, na kule ufukweni kuna Matema. Mjini Mbeya kwenyewe tuna Majengo, Mabatini na Mafiati. Sisemi kwamba Ma- ya majina haya yote ni moja, kwa kuwa majina ya mahali hukaa na siri zake na wengi wetu tumeyarithi bila kuelezwa. Ila Mafiati iko wazi: Fiat ni magari ya Kiitaliano, wenyeji hulihusisha jina hilo na malori yake, na watu wa Mbeya wakayaweka kwenye wingi kama walivyoweka mabati na majengo.

Silabi hii ya herufi mbili imenikaa kichwani tangu ubishi uliozuka kijiweni, tukinywa kahawa. Kijana mmoja, msomi na mwenye kujiamini, alisema Kiswahili ni Kiarabu kilichobadilishwa lafudhi. Ushahidi wake ulikuwa mfupi. "Madrasa, mahakama, maktaba, maarifa, mashariki, magharibi. Yote ma-. Sasa chukueni maneno mnayoyaita yetu: maji, maziwa, mahindi, mapenzi. Nayo ma-. Mnabisha nini?" Wazee wakanigeukia. "Mwalimu, mjibu mwenzako. Wewe si ndiye unayefundisha Kiswahili?" Nilimjibu kwa ufupi, lakini swali lake linastahili jibu refu. Wengi hulibeba dai hilo kwa nia njema kabisa, na mwisho wake ni watu kuamini kwamba lugha yao ni mali ya kuazima.

Tuanze na ma- ya nyumbani. Shuleni tunaifundisha kwa haraka: jicho, macho, jiwe, mawe, gari, magari. Wingi, basi. Lakini pita Mwanjelwa asubuhi usikilize wauzaji: mahindi, maharage, magimbi, maparachichi, mapeasi. Anayepimiwa sado ya maharage hafikirii haragwe moja likizidishwa mara elfu. Anafikiria kitu kilichokusanyika pamoja. Kutoka hapo ni hatua fupi kufika kwenye maji, mate na mafuta, ambavyo havina umoja kabisa. Huwezi kusema "ji moja" la kunywa. Ma- hapo haihesabu chochote. Inataja kitu kisichohesabika kwa kimoja kimoja.

Kisha kuna malezi, mazishi, matokeo, makubaliano, ambamo kitenzi kimegeuzwa kuwa jina la shughuli au la kile kilichotokana nayo. Kuna majitu, pale jitu linapotisha. Na kuna madereva, madaktari na makonda, watu waliopewa ma- kwa sababu majina ya kazi zao yametoka nje, ingawa tukianza kuwazungumzia tunarudi kwenye ubinadamu wao: madereva wamegoma, si "madereva yamegoma". Anayesema "yamegoma" amekusudia kuwatukana.

Neno ninalolipenda kuliko yote katika kundi hili ni maziwa, na nadhani ni la kwetu zaidi kuliko la mkoa mwingine wowote. Ziwa Ngozi, lile lililolala ndani ya kreta katika milima ya Poroto, ukiliweka pamoja na Ziwa Masoko unapata maziwa. Titi la mama katika Kiswahili cha zamani kidogo ni ziwa, na mawili ni maziwa. Kinachotoka humo, ambacho wafugaji wa Rungwe wanakikamua alfajiri na kukipeleka kupimwa, nacho ni maziwa, na hicho hakina umoja. Ukisikia mtu anaanza kusema "maziwa ya Rungwe", huwezi kujua kama anazungumzia utalii au ufugaji mpaka amalize sentensi. Huo ni wingi wa kawaida, wingi wa jozi na jina la kimiminika, vyote ndani ya neno moja, na kiambishi hakikubadilika hata kidogo.

Sasa vuka upande wa Kinyakyusa. Lugha hii hutanguliza irabu, kwa hiyo ma- inasikika ama-: amisi ni maji, amafuta ni mafuta, amaso ni macho. Hadi hapo mtu wa Kiswahili anajisikia nyumbani. Lakini maziwa ya kunywa ni ulukama, nje kabisa ya kundi la ama-. Ndugu wawili wamerithi kiambishi kimoja, na bado kila mmoja amekigawia vitu kwa namna yake. Ndiyo maana siwaamini watu wanaosema ngeli fulani "ina maana" ya kitu kimoja. Ngeli ina historia, na historia hiyo ina mikunjo.

Kama hata ndugu hawafanani kila kitu, tunajuaje kuwa ni ndugu? Hapa ndipo jibu kwa yule kijana linapoanzia. Kiambishi cha Kibantu hakitembei peke yake, kina wapambe. Tazama: machungwa makubwa mawili yameoza. Ma- imeita ma- nyingine mbili na ya- moja, na zote zimekuja. Ni hao wapambe, yaani upatanisho wa kisarufi, wanaotoa ushahidi, kwa sababu bwana harusi mmoja anaweza kufanana na mtu yeyote duniani, lakini si rahisi msafara wote ufanane.

Katika Kiswahili tunasema mti unaanguka: u-. Katika Kinyakyusa mti ni umpiki, na kiambishi cha upatanisho ni gu-. Miti kwetu inachukua i-. Imipiki inachukua gi-. Maji yanachukua ya-. Amisi inachukua ga-. Kihehe nacho kina ga- pale Kiswahili kinaposema ya-. Soma tena jozi hizo: gu- kwa u-, gi- kwa i-, ga- kwa ya-. Tofauti inajirudia kwa utaratibu. Kiswahili kimeiangusha g ya zamani mahali pale pale ambapo lugha za huku juu zimeishika. Kufanana kwa bahati hakuwezi kupangika hivyo. Na uzuri wake ni kwamba, ukitaka kujua Kiswahili kilikuwaje kabla hakijaiacha ile g, huhitaji kwenda mbali. Msikilize bibi wa Tukuyu akizungumza na wajukuu wake.

Wataalamu waliliona jambo hili zamani. Wilhelm Bleek, Mjerumani aliyefanya kazi Afrika Kusini, ndiye aliyelifanya jina Bantu litumike kwa familia hii, katika sarufi linganishi iliyotoka kwa sehemu mbili, 1862 na 1869. Carl Meinhof akaendeleza kazi ya kuzipa ngeli namba, na ma- ni ngeli ya 6 hadi leo kwa kila anayesoma lugha za Kibantu. Baadaye Malcolm Guthrie aligawa lugha hizi kwa herufi akifuata zaidi jiografia: Kihehe ni G62, Kibena G63, Kinyakyusa M31, Kisafwa M25. Mstari kati ya G na M unapita humu humu kwenye nyanda zetu, na Kiswahili kiko upande wa G. Herufi hizo zisitutie wasiwasi. Pande zote mbili za mstari ma- ipo, na wapambe wake wapo.

Tuje kwenye Kiarabu, kwa sababu ma- yake ni ya kweli na ni tajiri, ila ina kazi nyingine kabisa. Neno la Kiarabu hujengwa juu ya mzizi ambao kwa kawaida una konsonanti tatu. K-t-b ni habari ya kuandika. Ukitanguliza ma- na kupanga irabu kwa namna moja, unapata mahali pa tendo: maktab ni ofisi, maktaba ni nyumba ya vitabu. Ukipanga irabu kwa namna nyingine, unapata kilichotendwa: maktub ni kilichoandikwa. Hakuna wingi hapo. Mtu asiyejua Kiarabu hata neno moja anaweza kuiona kazi hiyo ndani ya Kiswahili chake mwenyewe: hukumu hutolewa mahakamani, arifu imezaa maarifa, nafuu ni jamaa wa manufaa. Na marehemu ni yule aliyerehemiwa, kutoka mzizi ule ule wa rehema. Tunalitamka neno hilo kila wiki kwenye matangazo ya misiba, Wakristo na Waislamu, na dua iko ndani yake tayari.

Sasa weka neno darasa mezani. Liko peke yake: darasa hili. Yakiwa mengi: madarasa haya. Pembeni yake weka madrasa, mahali watoto wanaposomea Kurani: madrasa hii, madrasa hizi. Mzizi ni mmoja, d-r-s, habari ya kusoma. Silabi ya mbele ni moja kwa sikio. Lakini ma- ya madarasa tumeiweka sisi, nayo inasema "mengi". Ma- ya madrasa waliiweka Waarabu, nayo inasema "mahali". Ya kwanza ina wapambe, haya na yale na yamejengwa. Ya pili haina; imeingia kwetu kama sehemu ya neno zima, ikakaa pamoja na nyumba na meza. Ningepewa mfano mmoja tu wa kumwekea yule kijana, ningechukua huu, kwa sababu unamwonyesha lugha mbili zikiwa zimesimama mlango mmoja bila kuwa ndugu.

Na kuna mali, maiti na mahari. Hayo nayo yametoka Kiarabu, na humo ma- si kiambishi kwa upande wowote. M ni ya mzizi wenyewe. Anayeokoteza maneno yanayoanza na ma- na kuyarundika pamoja anachanganya vitu vitatu visivyohusiana.

Waswahili wa kale hawakuchanganyikiwa. Waliyasikia maneno ya wageni kwa masikio ya Kibantu na kuyakata panapowafaa. Kitabu kwa Kiarabu kina ki ya mzizi, k ile ile ya k-t-b, lakini sisi tuliisikia kama ki- ya kisu na kiti, tukasema vitabu. Kinyakyusa kikaendelea pale pale: ikitabu, ifitabu. Neno mu'allim lilikuja na mu- ya Kiarabu, ambayo huonyesha mtendaji. Tukaisikia kama mw- ya mwanadamu, tukasema mwalimu, walimu. Safari hii kisu kilipita pale pale ambapo Kiarabu chenyewe kingekata. Kazi yangu ya kila siku ina jina ambalo mwanzo wake lugha mbili zisizo na undugu zimeukubali kwa sababu mbili tofauti.

Dira yetu nayo ina historia ya namna hii. Mashariki ni mahali pa kuchomoza na magharibi ni mahali pa kuzama, ma- ya mahali ya Kiarabu katika maneno yote mawili. Kaskazini na kusini zimetoka kwenye majina ya pepo za baharini, kaskazi na kusi, zikaongezewa -ni yetu ya mahali. Kwa hiyo tunapojiita watu wa Nyanda za Juu Kusini tunajitaja kwa upepo wa mabaharia, sisi tunaoishi kwenye baridi ya milima.

Ukitoka nje ya lugha hizi mbili, mambo yanazidi kunoga. Hausa, kule Naijeria na Niger, ina ma- yenye kazi tatu. Karanta ni kusoma, na makaranta ni shule. Noma ni kulima, na manomi ni mkulima. Buɗe ni kufungua, na mabuɗi ni ufunguo. Mahali, mtu na chombo, vyote kwa ma-, na tofauti inaonyeshwa na miisho ya neno na toni. Hausa na Kiarabu ni ukoo mmoja wa mbali, Afro-Asia, na wataalamu huihesabu ma- hii kuwa urithi wao wa pamoja. Hapo kuna undugu, lakini si na sisi. Ni Mwafrika mwenzetu, ana ma-, anasema makaranta, neno ambalo sikio la Mswahili lingelisadiki haraka kuwa ni wingi wa kitu fulani. Bara moja si ukoo mmoja wa lugha.

Madagaska inanigusa zaidi. Iko jirani, ng'ambo ya mlango wa bahari wa Msumbiji. Kimalagasi kimechukua maneno ya Kibantu yanayojulikana: omby ni ng'ombe, akoho ni kuku. Kisha unasikia mafana, yaani -a moto, na unajiambia hii nayo ni yetu. Hapana. Ma- ile ilivuka Bahari ya Hindi kutoka Asia. Mwaka 1951 Otto Christian Dahl, Mnorwe, alionyesha kwamba ndugu wa karibu wa Kimalagasi ni Kimaanyan cha kisiwa cha Borneo. Ndugu mwingine ni Kitagalogi cha Ufilipino: ganda ni uzuri, maganda ni -zuri, laki ni ukubwa, malaki ni -kubwa. Ma- yao inasema "-enye sifa hii". Mswahili akisikia maganda anafikiria ndizi zilizomenywa. Walioomba ng'ombe na kuku kwa majirani walibaki na sarufi ya babu zao waliovuka bahari. Kwangu hilo linaonyesha jinsi sarufi inavyong'ang'ania kuliko msamiati.

Kijapani kina ma- inayosisitiza: kweli kweli, katikati kabisa. Yonaka ni usiku wa katikati, na mayonaka ni ule wa katikati kabisa. Nasi tunasema usiku wa manane, tukiwa na ma- yetu mbele ya nane kwa sababu ya saa zetu. Maneno mawili ya giza lile lile, yote yana ma-, na hakuna uhusiano wowote. Na kwa Walakota, wenyeji wa mbuga za Marekani, wašte ni -zuri na mawašte ni "mimi ni mzuri". Ma- kwao ni mimi.

Kwa nini silabi moja inajitokeza kila mahali? Kwa sababu ni rahisi. M hutoka kwa kufunga midomo, a kwa kuifungua, na lugha isiyo na sauti hizo ni nadra sana. Hesabu nayo inasaidia. Kiswahili kina irabu tano na konsonanti zipatazo thelathini. Silabi za konsonanti moja na irabu moja haziwezi kuvuka sana 150. Kihawai kina konsonanti nane tu, kwa hiyo zake ni kama 40 ukiacha irabu ndefu. Lugha za dunia zinakaribia 7,000, na kila moja inapenda viambishi vifupi, kwa sababu kinachotumika kila sentensi hakiwezi kuwa kirefu. Vingegongana tu. Cha kushangaza kingekuwa visigongane.

Kinachonisumbua si kosa la kijana yule. Hoja yake ilikuwa na utafiti ndani yake, na alikuwa ameyasikia maneno kwa makini kuliko wengi. Kinachonisumbua ni kwamba alikwenda hadi Uarabuni kutafuta asili ya ma- na hakupita kwa mama yake. Alizaliwa Kyela. Ga- iliyo mdomoni mwa mama yake ni ushahidi mzito kuliko orodha yake yote, lakini hakuna aliyewahi kumwambia kwamba Kinyakyusa ni ushahidi wa jambo lolote. Wengi wa wanafunzi wangu wanakielewa Kisafwa, Kinyiha au Kindali cha wazazi, na hawakizungumzi. Wanapofika kwenye somo la ngeli wanakariri majedwali, ilhali nusu yao wana lugha nzima ya kulinganishia nyumbani. Siku hizi naanza somo hilo kwa kuwatuma wakaulize: maji mnasemaje, na maji yakimwagika mnasemaje? Wanarudi na ga- kutoka nyumba tofauti, lugha tofauti, na wanazipanga wenyewe ubaoni. Sijapata njia bora ya kufundisha undugu wa lugha.

Walioendelea kusoma hadi hapa watakuwa wameona kwamba kuna neno moja nimelikwepa, nalo ni jina la aina hii ya maandishi. Makala ni ma- ya Kiarabu juu ya mzizi wa kusema, mzizi ule ule uliotupa kauli. Kwa asili ni kitu kimoja. Wapo wanaosema makala hii, makala hizi, kama madrasa. Wapo wanaosema makala haya hata yakiwa moja. Mimi naandika makala haya. Sikio la Kibantu lilisikia ma- likaleta ya-, kama lilivyofanya kwa maarifa haya na manufaa haya, na sioni kwa nini nilizuie. Mwanafunzi akiniandikia makala hii simkati alama, mradi asigeuke katikati ya insha.